Mchoraji Hina wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba
Slaidi bado. Nimebadilisha rangi tena, kana kwamba rangi ndiyo tatizo. Chai imepoa. Mama ananipigia kelele kutoka jikoni: harusi ya Salma, mdogo wangu, ni wiki ijayo, na mimi nimekumbatia kompyuta.

Kongamano la mifumo ya habari linaanza keshokutwa, hapa hapa Amu, mji wetu wa Lamu. Lilikuwa lifanyike Mombasa, wakalihamisha kwa sababu wageni wanataka kuuona mji. Nilifurahi kama mtoto. Leo nikaisoma mada yangu kwa sauti, kujizoeza. Nilipofika kwa Mshiriki wa Tano wa utafiti wangu nikairudia aya tangu mwanzo.

Nimeandika: mchoraji hina, mjane, hutumia mkono wa kushoto. Alitibiwa kifua kikuu. Meseji za kumkumbusha dawa alizipokea kwa laini ya pili aliyoificha, ili wenye harusi wasijue wakaacha kumwita. Kule chuoni Nairobi huyo ni mtu yeyote. Amu nzima mchoraji wa mkono wa kushoto ni mmoja tu, Bi Zena. Ndiye atakayemtia hina Salma.

Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimempigia mwenyekiti wa kongamano, sehemu hiyo itolewe. Vitabu vya muhtasari vimeshachapwa, vimefika. Akauliza, jina si halipo? Halipo. Kanuni zote nimefuata.

Msimamizi wangu, Dokta Mutua, amekasirika. Eti laini ya pili ndiyo roho ya utafiti, nikiitoa nitabaki na nini? Ni yeye aliyenishauri niutie ule mkono wa kushoto, msomaji amwone mtu. Nami nikautia mbio mbio. Nilitaka kusifiwa.

Nimezunguka mji mpaka viatu vikaniuma. Nikafika mlangoni kwa Bi Zena, nikarudi. Mwoga.

Jumatano, 5 Novemba
Ukumbi umejaa. Kila kiti kina kitabu. Nikakusanya vya safu ya nyuma nikavitia mkobani, kisha nikaona katoni nzima kwenye meza ya usajili. Anayevigawa ni jirani yetu. Nikavirudisha.

Sikusikia mada hata moja. Mtu mmoja alizungumza kirefu juu ya usalama wa data. Nikacheka peke yangu, watu wakageuka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimewasilisha. Mshiriki wa Tano nimemruka. Nikadhani nimenusurika.

Yakaja maswali. Profesa mmoja mgeni, mpole kabisa, akasema nimeacha sehemu nzuri kuliko zote. Akafungua kitabu, akaisoma kwenye kipaza sauti. Yote. Akina mama wa chai, wote wa mtaani kwetu, walikuwa wakipanga vikombe huko nyuma. Mlio wa vikombe ukakoma.

Wamenipa tuzo ya mada bora. Nayachukia makofi yale. Nilitabasamu kwenye picha, najichukia hata kwa hilo.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama, akichagua mchele: "Hina ya Salma atatia yule binti wa kule Shela. Sitaki maneno ya watu, na wageni wako ndiani, waja."

Nikamwambia Bi Zena ni mzima, hana lolote.

Akaniangalia. "Kwani nani alokwambia ni mgonjwa?"

Kila neno la kumtetea ni la kumtangaza upya. Nina hasira za kuvunja sahani, na hakuna wa kumkasirikia ila mimi. Nimeosha vyombo vyote vya nyumba, hata visafi.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekwenda. Bi Zena alikuwa ukumbini kwake, anachekecha hina.

"Ndoo, keti," akaniita ndani.

Nikamweleza yote, kuanzia ule mkono wa kushoto mpaka makofi. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa ameshasikia. Na kabla yetu sisi, nyumba nyingine zilikuwa zimeshampelekea salamu kwamba asijisumbue.

Akauliza jambo moja tu.

"Na kupoa kwangu, mwanangu, uliandika?"

Dawa alizimaliza. Siku hospitali ilipomwambia amepoa, amepona kabisa, nilikuwa naye, na alinishika mkono barabara nzima hadi nyumbani, anacheka. Sikuandika. Utafiti wangu ulikuwa wa meseji. Meseji zilipokoma, nami nikafunga kazi.

Nikamwambia hapana.

Akaitika kwa kichwa, akaendelea kuchekecha. Nikakaa naye mpaka adhuhuri.