Jina la Chama cha Tatu

Jumatatu, 4 Julai 1938

Chama chetu cha lelemama, ngoma yetu ya wanawake, tumekifufua. Mara ya tatu hii! Cha kwanza tulikiita Johari, kikafa kwa fitina. Cha pili Malkia, hakikumaliza mwaka. Wete nzima inatucheka.

Leo tumekutana kwa Bi Mwanawema, mkubwa wetu wa ngoma, kutafuta jina. Kila mtu anataka jina la kung'ara. Nikawaambia mtoto anayefuata waliokufa hapewi jina zuri, mauti yasije yakamtamani. Nilimzika Moza, nikamzika Zuweina. Wa tatu tulimlaza jaani, penye takataka, mkunga akamwokota kama si wangu, tukamwita Taabu. Mauti hayakumtaka. Ana miaka minane sasa, mbio tu!

Basi na chama kiitwe Jaa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Mwanawema hakucheka, naye kapoteza watoto. Kaafiki. Ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa.

Jumatano, 13 Julai

Mazoezi mazuri, hakuna aliyegombana. Jina linafanya kazi! Ila mwaliko hakuna hata mmoja. Nani atamtoa bibi harusi wake kwa ngoma ya Jaa?

Ijumaa, 22 Julai

Bi Maryamu, mke wa Bwana Humoud mwenye mikarafuu, anamwoza binti yake. Anatutaka sisi. Sharti tubadili jina — jaa lisitajwe harusini kwake.

Nimepinga mpaka sauti imekauka. Mwatima, mwimbaji wetu, kanikata kauli: "Weye Khairiya, chama si mwana! Hakiugui homa hicho!" Nikamtazama Bi Mwanawema. Kainamisha kichwa. Hapo nikajua nimeshindwa.

Chama sasa kinaitwa Lulu. Ningejitoa, lakini niende wapi? Tangu nipewe talaka sina pengine.

Jumatatu, 25 Julai

Kanga za sare zimekuja. Nzuri, Mungu anisamehe. Nimeijaribu yangu mara mbili.

Alhamisi, 28 Julai

Harusi leo. Taabu kachaguliwa kubeba chetezo cha ubani mbele ya bibi harusi. Asubuhi nilimsuka kwa furaha — mjinga mimi!

Sasa hivi karudi mbio kunichukua. Bi Maryamu kasema taabu haimtangulii mwanawe, mtoto apewe jina jingine au chetezo abebe mwengine. Bi Mwanawema ndiye aliyempa jina jipya. Bi Mwanawema, mtu aliyekuwa ananielewa!

"Mama, mie sasa n'naitwa Lulu! Kama chama! Wamenipigia vigelegele wote!"

Anazunguka chumbani na kanga yake mpya, anajiita mwenyewe. Sijapata kumwona na raha namna hii. Naogopa. Nimekamata kalamu nijifanye nina kazi. Nikimwita Taabu, atalia, na watu wanamngoja. Nikimwita lile jingine —

Kasimama mlangoni. Ngoma imeshaanza huko.

"Mama, weye hujaniita bado. Niite basi, nisikie."