Chupa Mpya za Marwa

Morotonga, Alhamisi

Wamenunua mpya! Niliwaambia waokote chupa chafu kwenye mtaro wa soko, tuzishone kwenye mavazi ya ngoma yetu ya bahari iliyojaa taka. Marwa, kiongozi wa wachezaji, akaja na katoni za maji ya dukani. Wakayamwaga yote uwanjani ili wapate chupa tupu.

Mama mmoja akapita na ndoo kichwani. "Wanangu, mnamwagilia vumbi?"

Nilimgeukia Marwa.

"Sasa dada, nani avae uchafu mbele ya wakwe watakaokuja kutazama?" Marwa akasema, wenzake wakacheka. "Na hiyo bahari yenyewe umeiona wapi?"

Sijaiona. Naogopa Jumamosi, siku ya onyesho, watu watashangilia chupa zinazong'aa, na hakuna atakayeona taka.

Jioni nimekwenda mtaroni mwenyewe, nikajaza gunia. Vazi la Marwa nimelifumua, nikalishona upya kwa chupa za huko, na matope yake na harufu yake.

Anapenda kuruka juu kuliko wote. Aruke nalo, wakwe wanuse.