Mafuta ya Sangara Ndani ya Cherehani ya Zuhura

Kokugonza rafiki yangu,

Nimerudi jana kutoka Bumbire, na nataka wewe uwe wa kwanza kusikia. Watoto wangu wanasema kumwandikia aliyelala ni kujitonesha kidonda. Waache. Tangu tustaafu ualimu hakuna cherehani niliyoigusa bila wewe kujua, na sitaanza sasa.

Tangu tulipokuzika Kaagya, chumba chako cha Kashai kiko vilevile ulivyokiacha. Vijana wa bodaboda pale nje bado wanakiita "kwa Bibi Cherehani." Erasto, mtoto wa kaka yako, ambaye ukoo umemweka kuwa mrithi, alikuja kwa adabu zake zote akaniomba ufunguo. Alikuwa amepata mnunuzi wa vyuma chakavu wa kuzibeba cherehani zote za kale zilizomo. "Mwalimu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "fundi alikuwa shangazi. Wewe ulikuwa unamsindikiza."

Hakunitukana, Koku. Alisema alichokiona. Wewe ulifungua na kukaza. Mimi nilishika tochi na kuwaeleza wateja kwa nini chuma kikikaa penye unyevu kinaota kutu, mpaka unikatishe: "Domitila, eleza kidogo, pangusa zaidi."

Siku ileile Zuhura akapiga simu. Ndiye yule aliyekwenda Bumbire kununua samaki, akaishia kuwa fundi wa nguo wa kisiwa kizima. Alikuwa analia. Cherehani imekufa, gurudumu halisogei hata kidogo, sare za wanafunzi zimekatwa na shule inakaribia kufunguliwa. Na yule mtu wa vyuma chakavu, huyohuyo wa Erasto, alikuwa njiani kwenda huko na boti. Nikamwambia Erasto anisubiri. Nikishindwa kuifufua cherehani ya Zuhura, ufunguo nitampelekea mwenyewe.

Unaikumbuka cherehani hiyo. Ndiyo ile nyeusi ya mkono, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia, tuliyoikuta Kaagya katika jiko la nje, na kuku ameatamia juu yake. Mwenye nyumba alitaka kumfukuza kuku. Ukakataa: "Mzazi hafukuzwi." Tukarudi nyumbani mikono mitupu, tukaifuata tena vifaranga walipotoka, tukaifufua na kumpa Zuhura. Nilinung'unika njia nzima, na wewe ukacheka njia nzima.

Basi nikapanda basi hadi Muleba, nikashuka mwaloni zinapoegeshwa boti, nikavuka ziwa. Nilifika nimelowa hadi magotini. Zuhura alikuwa ameitoa cherehani uani, na wanawake wamekusanyika kama kwenye msiba. Mnunuzi naye alikuwa ameshafika, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anatafuna muwa.

Nilishika gurudumu kwa mikono miwili. Halikutikisika. Nikiri kwako tu: nilitaka kulilazimisha. Jirani mmoja alikuwa ameshaleta nyundo.

Mnunuzi akasema, "Bibi, hicho ni chuma tu. Au unakisubiri kizae?"

Watu wakacheka. Zuhura akamgeukia: "Wewe nyamaza! Kifungo cha shati lako mwenyewe kinakushinda, utajua nini?" Wakacheka zaidi.

Mimi nilikuwa nakuwaza wewe. Kila tulipofikishwa mbele ya cherehani ya kale uliinama ukainusa, hata kabla ya kumaliza salamu, nami nilikutania kwamba unanusa kama mbwa wa buchani. Hukuwahi kunieleza unanusa nini. Nikainama mbele ya watu wote hao, nikanusa.

Sangara. Koku, ilinuka kikaango!

Nikamwuliza Zuhura anatia mafuta gani. Akanijibu kwa fahari: "Si mlisema isikauke? Yenu yaliisha, na hapa hayauzwi. Nikawa natia ya sangara kila asubuhi. Sikuacha hata siku moja."

Nilicheka huku machozi yananitoka, na wale wanawake wakadhani nimechanganyikiwa. Haikuwa kutu. Mafuta ya samaki, kama mafuta mengi ya kupikia, yakikaa na hewa huwa mazito, mwisho hugandamana kama utomvu wa ndizi kwenye kisu. Utii wa Zuhura ndio ulioifunga cherehani. Angekuwa mzembe, ingekuwa bado inazunguka.

Nilirudisha nyundo kwa mwenyewe. Nikaomba mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Nikadondosha tone katika kila tundu, na kila mahali chuma kinapokutana na chuma, kisha tukaiweka juani ili joto nalo lifanye kazi. Nikangoja. Nikatia tena. Mnunuzi alichoka kuningoja akaondoka na boti yake kwenda mwalo mwingine. Kesho yake gurudumu lilisogea upana wa ukucha. Sikumwita mtu. Nililipeleka mbele, nikalirudisha nyuma, taratibu, na uchafu wa kahawia ukaanza kutoka kama asali mbovu. Nilipangusa, Koku. Nilipangusa bila kumweleza mtu chochote.

Jua lilipofika utosini ilikuwa inazunguka. Nikaikausha, nikatia mafuta yake halisi, Zuhura akapitisha kitambaa cha sare. Mshono ulitoka umenyooka. Alivuta sare nyingine, akaendelea.

Kabla sijaondoka, mwanamke mwingine alinijia na cherehani imefungwa ndani ya kanga. Ni moja ya zile tulizowagawia. Nayo ilinuka vilevile.

Ndipo nilipoona kazi iliyobaki. Tuliziokota kwenye mabanda na chini ya magunia ya kahawa, tukazifufua, tukawapa watu kwa neno moja: isikauke. Neno lilikuwa zuri ila lilikuwa fupi. Kwa mara ya kwanza maelezo yangu marefu yana mahali pa kwenda.

Erasto nimemwambia ufunguo unabaki kwangu. Alitazama mikono yangu, kucha bado nyeusi, akasema, "Sawa, mwalimu." Kisha akauliza kama chumba kinahitaji taa nyingine. Nikamwambia ndiyo, maana Zuhura akimaliza sare atakuja Kashai nimfundishe kufungua na kufunga, na macho yangu si ya zamani.

Nakukosa, hasa saa ya kupitisha uzi kwenye sindano. Huwa bado nakunyooshea sindano, halafu nakumbuka.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi kila cherehani tuliyoitoa nitaifikia, na kila mwenye nayo nitamwachia chupa ya mafuta yanayofaa na kumwambia pa kupata mengine. Jumatatu napanda basi la Muleba. Mialo ninayoikumbuka nimeipanga. Niliyoisahau nitaiulizia njiani.

Wako,
Domitila