Mtihani wa Huzuni ya Kuigiza

Jumapili, 5 Mangsir

Nimefeli. Tena mbele ya watu! Mtihani wenyewe wa ajabu: Chameli, muuza bangili wa sokoni, anajifanya mgonjwa wa huzuni. Sisi wanafunzi wa ushauri nasaha tunamhudumia mmoja mmoja, Daktari Prativa wa kutoka Kathmandu anatupa alama. Chameli akasema amechoka kuishi. Nikaropoka jina la mungu wetu, "Shiva, Shiva! Usitamke!" — kama nilivyolelewa. Huku milimani kifo ukikitaja umekiita. Daktari akasimamisha hapo hapo. Eti nimemziba mtu mdomo. Nilipaswa kuuliza wazi: unafikiria kujiua? Kwa njia gani? Wapi? Wapi! Nani anamuuliza mwenzake hayo? Wenzangu waliinama wasionekane wakicheka. Narudia wiki ijayo. Nikifeli tena kijiji chetu hakina mshauri, na hospitali ya wilaya ni safari ya kutwa.

Jumatano, 8 Mangsir

Nimemfuata Chameli dukani. Nimenunua bangili nisizozihitaji, kisha nikamwomba — naona haya hata kuandika — anifundishe. Akacheka mpaka akashika mbavu. "We dada! Unataka kuniibia machozi yangu?" Lakini alinipa yote. Atalia wapi, atanyamaza wapi, neno lipi litanifungulia swali. Tumerudia nyuma ya duka hadi maswali yakawa yananitoka kama wimbo wa shule.

Jumapili, 12 Mangsir

Alama za juu kuliko wote! Chameli analia, mimi nauliza: unafikiria kujiua? Kwa njia gani? Wapi? Sauti haikutetemeka hata chembe. Daktari Prativa akawageukia wenzangu: mmeona, mila si kisingizio. Akanivika shada la maua, watu wakapiga makofi. Chameli akanikonyeza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani mume wangu amekwisha kuwaita majirani. Ananiita daktari, mjinga yule, kwa furaha. Nimekula wali na dengu bila kuinua macho.

Jumatano, 15 Mangsir

Mgonjwa wa kwanza wa kweli. Dilkumari, yule ambaye mumewe yuko Qatar na hapigi simu tena. Alikaa mkekani, shali mpaka machoni. Hakusema neno hata moja kati ya yale aliyonifundisha Chameli. Akauliza tu, "Dada, nyati wangu wa maziwa atazoea mkono wa mtu mwingine?"

Nilijua. Haki ya Mungu, nilijua! Alikuwa anaaga. Nikangoja alie ndipo niulize — hakulia. Basi nikamjibu, "Nyati huzoea. Kwani unasafiri?" Akatabasamu. Tukaongea bei ya maziwa, mimi na yeye, kama watu wa gulioni. Akaniaga kwa kukutanisha viganja viwili, akaenda zake.

Nikimpigia Daktari ataniuliza kwa nini sikuuliza. Sijampigia. Mwoga mkubwa mimi. Kesho asubuhi na mapema nitamfuata kwake, nimuulize waziwazi.

Alhamisi, 16 Mangsir

Nilichelewa kutoka. Daktari Prativa alipiga simu: wanataka kunirekodi video, niwe mfano kwa wilaya nyingine. Nikakubali! Ningesema nini?

Nimefika kwa kina Dilkumari jua limekwisha kupanda. Mama mkwe wake akanikaribisha vizuri, akasema mkwewe kaenda kukata majani ya nyati tangu alfajiri. Mundu wake upo. Umechomekwa ukutani, na kikapu chini yake. Tumeuona wote wawili kwa pamoja, yule mama akakaa chini.

Sasa mashemeji zake wamekusanyika uani na kamba, hawajui waanzie wapi, msituni au mtoni. Watu wenyewe wachache. Mama mkwe amenishika mkono: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea haya, na jana alikuja kwako. Alikwambia wapi?"

Nikafungua daftari hili. Naandika ili nisiwatazame usoni. Wote wananingoja kwa heshima, wanadhani natafuta alichoniambia.