Askari wa Onesphory Anangoja Uso

Mwaka umetimia, Onesphory, tangu barabara ya Mikumi ituletee habari zako, na leo hii sebuleni kwetu Kilosa watu wanatupiana maneno kwa ajili ya yule askari uliyemchonga.

"Shemeji, zege limeshakauka!" Huyo ni baba yako mdogo Mathias, amesimama mlangoni na tope la makaburini bado liko kwenye viatu. "Nimemmwagia jukwaa lake pale kwenye kichwa cha kaburi. Kesho baada ya misa tunamsimika, yaishe."

"Asimikwe nani?" Dada yako Ida amekaa sakafuni mbele ya kabati la vioo, ufunguo ameufumbata. "Huyu haendi popote, baba mdogo. Hasimikwi, hamalizwi, haguswi."

"Kumbe siku hizi wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mimi ndiye mwenye ufunguo."

Mimi mama yako niko mezani naandika tangazo hili, maana paroko analitaka leo jioni lisomwe kesho na kubandikwa kwenye ubao wa kanisa. Baba yako Theodory amekwenda kukodi viti. Unamjua: nyumba ikiwa na ugomvi, viti huwa mbali.

Waumini ambao hawakukufahamu waelewe kwamba ulikuwa unaishi kwa tembo. Wewe na rafiki yako Yared mlikuwa na karakana Mikumi, mkitengeneza tembo na twiga wa faiba wa kusimama kwenye mageti ya hoteli. Watalii walikuwa wanapiga picha na tembo wenu huku tembo wenyewe wakila majani ng'ambo ya barabara. Ulikuwa unanisimulia hayo na kucheka hadi chai inakupalia.

Na wanaokujua wanakumbuka Mtakatifu Yosefu wetu. Alianguka wakati wa kupanga viti vya Pasaka, akapoteza vidole vitatu. Wewe ulimchongea vingine, ukavipaka rangi, ukamrudisha altareni bila kumwambia mtu. Walipokuuliza ni nani, ukasema labda vimeota.

Ndivyo ulivyokuwa. Ulifanya wema halafu ukaukimbia. Mzee yeyote uliyempita njiani ulishuka kwenye pikipiki kabla ya kumpa shikamoo, hata kama ulikuwa umechelewa, na ulikuwa umechelewa siku zote. Brashi zako ulizisuuza kwenye kikombe changu cha chai. Nilisema, ukaitikia, ukarudia. Sasa kikombe hicho ni kisafi kila siku na sikifurahii.

Turudi kwa askari.

Babu yako mzee Fortunatus alikuwa mtoto mdogo pale Masanze wakati baba yake, Valentino, alipochukuliwa kuwa askari wa keya, lile jeshi la Waingereza, na kupelekwa kupigana Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna picha. Babu amebakiwa na kitu kimoja tu: asubuhi ya kuondoka baba yake alikaa kizingitini, akawa anajizungushia miguuni vile vitambaa virefu vya jeshi, na yeye mtoto alipewa kazi ya kushika ncha ili kitambaa kisiburute vumbini.

Wewe ulimsikia akisimulia hayo kwenye msiba wa shangazi yenu. Wengine tulisema pole babu, tukaendelea kula. Wewe ulirudi Mikumi ukaanza kuchonga.

Ulimchonga kwa udongo, ukamtengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia, kiungo kwa kiungo, ukamimina resini, ule utomvu wa dukani unaoingia ukiwa majimaji na kutoka mgumu kama mfupa. Askari aliyekaa, urefu wake unanifika gotini nikisimama. Hakuwa amekakamaa kama askari wa kwenye mnara. Ameinama, kitambaa kimezunguka mguu mmoja hadi nusu, na ncha imenyooka hewani kana kwamba kuna mtu ameishika. Mtoto hukumchonga. Ulisema, "Mama, mtoto mwenyewe atakuja kukaa mbele yake."

Kichwa cha kwanza kilitoka na matundu puani kwa sababu joto la Mikumi liligandisha resini kabla hewa haijatoka. Ukakitupa. Cha pili babu alikikataa kabisa. "Huyu ni Mhehe," alisema, na ukaanza upya. Cha tatu ulikiweka mkononi mwake, akakipapasa muda mrefu, akasema, "Pua ni yetu." Ulinipigia simu kunieleza hilo kama mtu aliyefaulu mtihani.

Bunduki nayo ililetwa Kilosa ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki juani, ikafika imepinda kama ndizi. Nilikwenda jikoni kuchota maji ya chai nikakuta bunduki imo kwenye sufuria.

"Onesphory, hii ni nini?"

"Nainyoosha, mama. Resini ikipata maji ya moto inalainika, unainyoosha, unaitia kwenye maji baridi. Chai yako nitachemsha nyingine."

"Kwenye sufuria ipi?"

Ulikwenda ukanunua sufuria. Mimi nimesomea stashahada ya afya ya mazingira, sikulelewa kunywa chai ya bunduki. Ni mimi pia niliyekulazimisha kuvaa barakoa na kupiga msasa kwa maji, maana vumbi la resini si unga wa sembe. Ulinung'unika, ukavaa. Ulipokuwa Mikumi sijui. Yared anasema ulivaa, na Yared ni rafiki mzuri.

Halafu ikaja rangi. Kikopo ulichoagiza kimeandikwa rangi ya ngozi kilikuwa na waridi kama nguruwe mchanga. Tulicheka wote. Ukaanza kuchanganya kahawia, nyekundu, manjano na tone la buluu juu ya kigae, unanipaka kwenye mkono wangu kulinganisha. "Tulia mama, wewe ndiye kipimo changu." Babu akaruka kwenye kiti: "Huyo ni mkwe! Ngozi ya mkwe inahusu nini? Njoo kwangu!" Ukamwomba radhi, ukahamia kwenye mkono wake. Mikono na magoti ya askari ukayapaka kwa mchanganyiko huo, kivuli chini ya kila kiungo, mwanga kidogo juu ya kila kifundo. Babu aliweka mkono wake pembeni, na kwa kweli ilikuwa mikono miwili ya ukoo mmoja.

Sare ilichukua muda zaidi. Kila rangi uliyoleta, babu alisema, "Hiyo ni kaki ya mwalimu. Kaki ya keya ilishapigwa jua." Ukaipauza mabegani, ukaichafua matakoni, akakubali.

Kikabaki kichwa. Ulikigandisha kwenye kijiti ili upate pa kushikia, ukakipulizia ile rangi ya kijivu ya mwanzo. Na kwa haraka yako ya siku zote ukakigusa kabla hakijakauka. Dole gumba lako likabaki kwenye shavu la kushoto, mistari yote inaonekana. Ulicheka, ukasema utakuja kukimalizia wiki ijayo. Jioni hiyo hiyo, ukirudi Mikumi, pikipiki na lori. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Ndiyo maana Ida ana ufunguo. Mwaka mzima amelifungia lile shavu kabatini. Akitoka kazini hufungua, hutazama, hufunga. Nami, nikiwa peke yangu nyumbani, nimewahi kusogeza dole gumba langu karibu na kioo nikalinganisha. Lako lilikuwa kubwa.

Sasa hivi Yared ameingia, kafika kwa basi la asubuhi kutoka Mikumi na mfuko wa brashi begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Unaweza kumaliza ule uso?"

"Naweza, mama. Mchanganyiko nitaupata kutoka kwenye mikono aliyopaka mwenyewe. Lakini..." Akamtazama Ida, sauti ikashuka. "Lazima nianze na msasa. Lile dole ni kasoro, rangi ikipita juu yake itaonekana kama kovu. Ones mwenyewe angelifuta."

"Basi aje alifute!" Ida akapaza sauti. "Kaka yangu hajaacha kitu kingine chenye alama ya mwili wake. Nguo tumegawa, pikipiki ni chuma chakavu. Mnataka nikumbuke nini, tembo wa hoteli?"

"Ndiyo maana nasema tumsimike kaburini hivyo hivyo," Mathias akadakia, "kila mtu aione."

"Mathias," nikamwambia, "resini haipendi jua wala mvua. Mwakani atakuwa njano na mbuzi watakuwa wamevunja ncha ya kitambaa. Kwenye zege lako weka chungu cha maua."

"Shemeji, hata pole ya zege hakuna?"

"Pole kwa zege."

Hapo ndipo babu yako aliposema. Tumemtoa Masanze jana kwa ajili ya misa, na tangu asubuhi alikuwa kwenye kiti cha dirishani, tukimpita kama kabati jingine. Ni vizuri waumini wajue: presha ya macho imeshalifunga jicho lake la kulia, na la kushoto linafunga. Daktari hakuficha. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hakina muda mrefu.

"Mnagombania baba yangu kama mnagawana mbuzi wa mahari," alisema. "Ida, mjukuu wangu, nimenyamaza mwaka mzima nikingoja umalize kulia. Sikukulaumu. Lakini hili jicho halikungoji. Wiki hii nimemsalimia Mathias nikidhani ni Theodory."

"Kulikuwa na giza, baba," Mathias akasema.

"Ilikuwa saa sita mchana."



Ida akamwendea, akapiga magoti. "Babu, nikilitoa lile dole, nitabaki na nini?"

"Sijui, mama. Mimi nilibaki na ncha ya kitambaa." Akamshika kichwa. "Lakini uso wa baba yangu siujui. Wewe wa kaka yako unaujua."

Nikaweka kalamu chini. Onesphory, ulijua tabia yangu: jambo likishaeleweka sioni sababu ya kulilaza. Yule askari hukumtengenezea kaburi wala kabati. Ulimtengenezea mzee huyu, na mzee huyu bado anaona.

"Ida, ufunguo."

"Mama, tukilifuta halirudi."

"Halirudi hata tusipolifuta, mwanangu."

Akaufungua mkono. Nikafungua kabati. Yared alikuwa ametoa kipande cha msasa laini, lakini sikuona haki kumwachia rafiki yako kazi hiyo. Nikakichukua mimi. Nikakichovya kwenye maji, nikashika kijiti, nikaliangalia dole lako mara moja, nikaanza kusugua, kwa mviringo, taratibu, kama nilivyokuwa nakuona ukifanya. Mistari ya nje ilitoka kwanza. Ya katikati ikakawia kidogo, kisha nayo ikatoka. Ida akachukua kitambaa chenye maji akalipanguza shavu, akapitisha kidole chake pale, akasema, "Limekuwa laini."

Yared akaligusia kijivu chembamba, na kwa joto hili la Kilosa kikakauka upesi. Akaweka mkono mmoja wa askari kando kuwa kipimo, akachanganya, akapaka kidogo kwenye mkono wa babu, akachanganya tena. Mathias amekisogeza kiti cha mzee hadi mwanga wa dirisha unapomwangukia vizuri, mbele kabisa ya askari, mahali pa yule mtoto. Ida ameshika kijiti ili kisitikisike. Ninapoandika mistari hii shavu la kushoto limeshapata rangi, na Yared anatafuta brashi ndogo kuliko zote kwa ajili ya macho.

Kesho, Jumapili, misa ya kukuombea itakuwa ya kwanza asubuhi, halafu tutakwenda kaburini, halafu nyumbani kwa chakula. Karibuni wote. Viti vitakuwepo.

Unakumbukwa na baba yako Theodory. Mimi mama yako Letisia. Dada yako Ida. Babu yako mzee Fortunatus wa Masanze. Baba yako mdogo Mathias na familia yake. Rafiki yako Yared na mafundi wote wa karakana ya Mikumi. Na jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Kilosa.

Pumzika, mwanangu. Maadamu tupo, hutasahaulika.