Aika Alitaka Kumrudisha Doto

Consolatha mwanangu,

Mapacha wako kwa jirani, mama Felix, wameshiba. Maziwa ya kopo yamebaki vijiko vinne. Ukisharudi kutoka zahanati na kusoma hii, pitia dukani kwa Jivanji. Kulwa ndiye mwenye uzi mkononi. Usimlishe yeye mara mbili kama mimi jana, Doto akalia mpaka majogoo wa Kibiti nzima wakanyamaza kwa aibu.

Mimi na Aika tumekwenda bandarini Nyamisati. Usinune kwanza, soma.

Juzi nilimwambia hawa wadogo zake tuliwanunua Nyamisati kwa matenga mawili ya kamba wa baharini, na anayelia sana hurudishwa. Uongo wangu wa siku zote, unanijua. Leo asubuhi wakalia wote wawili. Nilipogeuka kuchemsha chupa, Aika hayupo, Doto hayupo. Nikakimbia na Kulwa kifuani. Nikamkuta kituo cha magari, Doto mgongoni kwa khanga yako, anamwomba utingo: "Mrudishe huyu. Kulwa amenyamaza, abaki."

~~Huyu mtoto ana roho mbaya.~~ Hapana. Kosa ni langu.

Nilimzaba kofi palepale. Hakulia. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mpaka tukafika nyumbani. Nikamwuliza, "Vipi, mama?" Akanong'ona, "Nikilia na mimi utanirudisha."

Nimemwapia kwamba nilidanganya, haniamini tena. Basi nampeleka akaone mwenyewe kuwa kule huuzwa kamba na boriti tu.

Chai imo kwenye chupa. Tukirudi, mwache alie.

Babu yao