Homa Tu

Jumanne.

Bado najiuliza mimi najua nini hasa, kabla sijawajibu wale wa Dodoma wanaoniita kazini kwenye duka lao la dawa. Cheti cha kuuza dawa kila mtu anacho. Wao wanataka muuzaji mwepesi, asiyechelewesha foleni.

Mimi ninachokiweza ni bibi zetu wanaoshuka kutoka milimani. Hao hawasemi ugonjwa mpaka muulizane habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu. Ukiwaharakisha wanakwambia "homa tu," wanaondoka na ugonjwa wao.

Leo dukani nikajaribu huo wepesi. Bibi Koleta, mteja wangu wa siku zote, alipoingia, nikamwamkia shikamoo na papo hapo nikamuuliza, "Nikupe dawa gani?"

Akanitazama. "Homa tu, mwanangu."

Nikamvutia kiti, nikaanza kuulizia maharage yake, kama mvua imeyaacha salama. "Salama," akasema, akiwa bado amesimama. Akachukua vidonge vya maumivu, akaenda zake.

Dodoma wanataka jibu kesho. Wepesi naumudu, nimeshaona.

Ila sijui Bibi Koleta anaumwa nini.